Mathe amewekwa kamati ya tabianchi ya wadi, apigie nini kura: kisima cha sola ama bwawa la mchanga?

Mwana_wa_Ndengu (Jumapili, saa nne usiku)

Wadau habarini. Niko na swali na naomba mnisaidie bila matusi, najua wengine hapa mko na mdomo. Naishi Pipeline lakini kwetu ni Ukambani, upande ule wa mashariki kabisa, ukitembea kidogo ushaingia Tana River. Mwaka jana kulikuwa na baraza kwa chifu wakachagua watu wa kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi, mambo ya hii programu ya FLLoCA, ile ya serikali ya kupeleka pesa za tabianchi mpaka mashinani, na vile walikuwa lazima wapate akina mama, mamangu akasimamishwa, akapigiwa makofi, ikaisha hivyo. Hakuomba hiyo kazi. Ako na miaka 63, analima ndengu na mawele, ako na mbuzi 14, shule aliachia darasa la sita lakini kichwa yake iko sawa kuliko yangu.

Sasa kamati imefika pahali pa kuchagua mradi. Ziko mbili. Ya kwanza ni kisima kirefu cha sola na tanki kubwa hapo sokoni, hii ndio mheshimiwa MCA, mjumbe wa wadi yetu, anapenda na ameshaitangaza kwa matanga mbili. Ya pili ni bwawa la mchanga kwa mto wetu wa msimu, kama kilomita sita kutoka sokoni, pamoja na kufukua ile silanga ya zamani, lile dimbwi la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua, ambayo ilijaa matope mvua ya El Niño ya 2023. Pesa haiwezi kufanya zote. Alafu vijana nao wako na yao ya tatu, ati msiweke maji yoyote upande wa mtoni juu mkiweka mmewaita watu wa ngamia wa upande wa Tana River. Na si uongo, 2022 ngamia ziliingia zikamaliza mbaazi za watu, mishale ikatoka, wetu mmoja na wao mmoja wakalazwa.

Jana mathe amenipigia, akasema tu "wewe uko Nairobi, uliza watu". Kura ni Alhamisi ya wiki ijayo. Na cha kuchekesha ni mimi mwenyewe hapa nanunua maji ya mtungi, wiki hii mfereji umetoa maji siku moja, lakini ndio naulizwa maji ya kijiji itoke wapi. Nimwambie nini?

Baba_Lao_Kayole (Jumapili, saa nne na nusu)

Kisima bana. Swali gani hii. Unafungua bomba maji inatoka, mama hatembei, watoto hawaharishi. Hizi za mchanga ni za watu wa miradi kupiga picha wakirudi kwao. Ungekuwa unakunywa maji ya kuchimbua na mkono ungesema hivyo?

Mkaa_Wote (Jumatatu, saa moja asubuhi)

@Baba_Lao pole pole. Mimi nimekunywa maji ya kuchimbua na mkono mpaka nikamaliza form four na bado niko hai.

Mwana wa Ndengu, kabla mambo mengine yote, uliza kama hapo sokoni kumechimbwa kisima kingine chochote na maji yake ilikuwa na ladha gani. Upande huo wenu visima vingi vinatoa maji ya chumvi. Unaweza kuchimba mita mia na kitu, sola iko juu inang'aa, tanki limepakwa rangi, alafu maji ikitoka mbuzi anaonja anakuangalia. Nimeona hiyo kitu. Sasa hapo unahitaji mtambo wa kutoa chumvi na huo si wa kamati ya wadi, ukiharibika unaitwa mtu kutoka Nairobi na huyo mtu anataka pesa ya mafuta kwanza.

Bwawa la mchanga wengi hawaelewi linafanya aje. Unajenga ukuta kukata mto mkavu, ukuta unakaa juu ya mwamba, si juu ya mchanga, na hapo ndio watu wanaharibu. Mvua ikikuja mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, inaweza kuchukua msimu mmoja ama mitatu minne. Ukijaa, kama theluthi ya hiyo yote ni maji imejificha katikati ya chembe za mchanga. Jua haiifikii, mbu hawazai hapo, punda hawezi kuikojolea. Unaweka kisima kando na pampu ya mkono. Na pembeni ya mto hata udongo unabaki na unyevu, mtu anapanda sukuma wiki na maembe.

Lakini (na hii lakini ni kubwa) kama huko kwenu kuna watu wa lori za mchanga basi msijenge mpaka mkubaliane kwanza. Sisi Makueni ilibidi kaunti ipitishe sheria ya mchanga 2015 juu ilikuwa imefika watu wanauana. Bwawa la mchanga kwa mtu wa lori ni ghala umemjazia bure, anakuja usiku anabeba mchanga, maji inaenda na mchanga.

Baba_Lao_Kayole (Jumatatu, saa moja na robo)

Sawa mwalimu. Hiyo ya chumvi sikuwa najua.

Waso_Boy (Jumatatu, saa mbili usiku)

Mwana wa Ndengu hongera kwa mama na pole kwa mama. Mimi ni Borana wa Garbatulla, niko South C mwaka wa tisa sasa. Nitaandika mrefu mnisamehe, niko kwa basi Mombasa Road na hakuna kitu inasonga.

Nyinyi wote mnabishana kisima ama bwawa, mimi naona swali ni pahali, na funguo. Kwetu maji ndio inaamua nyasi italiwa lini. Wazee wa dedha, lile baraza letu la kusimamia malisho, walipanga malisho, kuna ya wakati wa mvua, kuna ya kiangazi, kuna ile ya mbali haiguswi mpaka ukame ukaze kabisa. Sasa hiyo ya mbali inalindwa na nani? Hakuna fensi. Hakuna askari. Inalindwa na kukosa maji tu, huwezi kukaa huko na ng'ombe kama hakuna pa kunywesha, kwa hivyo nyasi inapumzika inangoja siku mbaya. Alafu serikali na mashirika wakaja, enzi hizo za babangu akiwa kijana na hata baadaye, wakachimba visima huko na kila mtu akashangilia. Watu wakajenga karibu na bomba, duka ikaja, madrasa ikaja, ng'ombe wakashinda hapo mwaka mzima, na baada ya miaka michache ukisimama kwa hicho kisima ukizungusha macho unaona vumbi tu. Ukame ukifika maji iko na nyasi hakuna. Watu wa Nairobi wanafikiri mnyama anakufa na kiu. Kutoka mwisho wa 2020 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya maana na Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na nakwambia wengine walikufa wakiangalia tanki limejaa. Mlikuwa mnaona ng'ombe hapa barabarani Lang'ata mnapiga picha, si hao walikuwa wanatafuta nyasi ya kando ya lami? Maji wangepata popote.

Kwa hivyo mfuko wa tabianchi wa kaunti, ule ulitangulia hii FLLoCA, ulipoanza kujaribiwa, na ulianza kwetu Isiolo mwanzoni mwa miaka ya 2010 kabla ya kwenda Wajir, Garissa, Kitui na Makueni, mpango ulikuwa asilimia 70 ya pesa inaamuliwa na kamati za wadi, 20 ni ya miradi ya kaunti nzima, 10 ya kuendesha ofisi. Watu walitarajia wazee waitishe visima, visima, visima. Wakaitisha kurekebisha vya zamani, kuwekea mabwawa fensi ili watu na wanyama wasinywe pahali moja, na wakaitisha dedha wenyewe wasaidiwe kukutana na kuzunguka malisho. Mradi wa mkutano! Kuna mtu wa ofisi mmoja najua alishangaa sana, hakuna kitu ya kuwekea kibao cha uzinduzi.

Mambo ya ngamia sasa. Kwetu kwa kisima kuna mtu anaitwa abba herega, yeye ndio anapanga zamu, wa nani wananywa leo, wa nani kesho, mgeni anangoja wapi. Mgeni hanyimwi maji. Lakini mgeni anatuma mtu mbele aje aombe, aseme ako na wanyama wangapi na atakaa siku ngapi. Mkijenga bwawa la mchanga bila kujua nani ni abba herega wenu, ngamia watakuja, hiyo vijana wanasema ukweli. Mkikosa kujenga, ngamia watakuja vilevile, juu mwaka mbaya hawafuati maji yenu tu, wanafuata majani. Mama aulize kamati, funguo ya hiyo pampu itakaa kwa nani, na jirani wa ng'ambo ataiomba aje.

Chui_wa_Mwingi (Jumatatu, saa tatu usiku)

Waso Boy unaongea vizuri kama mtu ambaye hajawahi kuliwa shamba. Mgeni anatuma mtu aombe? Sisi tangu nizaliwe hatujawahi kuombwa, tunaamka asubuhi tunapata ngamia ishirini kwa kunde na vijana wawili na bunduki. Hiyo dedha yenu iko Isiolo, haiko kwetu. Mimi ndio mmoja wa hao vijana wa kusema hakuna maji upande wa mtoni na nitasema tena Alhamisi.

Waso_Boy (Jumatatu, saa tatu na robo)

Chui sikatai. Hata kwetu siku hizi mtu wa mbali anakuja na bunduki hamsikilizi mzee wa dedha, na wale wenye ng'ombe wengi wako hapa Nairobi kwa ofisi, wanaajiri vijana kuchunga, na kijana wa kuajiriwa hana habari na abba herega. Sisemi desturi inatosha. Nyinyi mko kaunti moja, wao wako ingine, kamati ya mama haiwezi kuandikia Tana River sheria. Lakini hao watu wako na wazee wao na wako na simu. Mmewahi kuwaita wakati mvua imenyesha, si wakati mishale imetoka?

Chui_wa_Mwingi (Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini)

Hapana.

Nyar_Mbita (Jumanne, saa sita mchana)

Mimi ni wa Ziwa Victoria, mambo ya ngamia siyajui, lakini kamati nazijua vizuri sana. Sisi tuko na BMU, zile kamati za ufuo, tangu kanuni za 2007. Wavuvi, wenye mashua, sisi akina mama wa kununua omena (wale samaki wadogo), wote wanachama, wote tunapiga kura. Kwa karatasi ni kitu poa. Kila mwaka uvuvi wa omena unafungwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai ndio izaane, na ufuo wetu watu wakakubali kabisa tukakaa na njaa yetu, usiku tunaona taa za mashua za ufuo ule mwingine ziwani zinawaka kama harusi. Mwaka uliofuata nani alifunga? Hakuna. Kwa hivyo namuunga Waso Boy mkono, sheria ya kijiji kimoja bila ya jirani ni kujifunga kamba wewe peke yako.

Lakini nilitaka kusema kitu ingine. 2020 ziwa lilipofura likameza ufuo, banda letu la kupimia samaki likaingia majini, mkutano ukaitwa kuchagua pahali pa kuhamia. Tulikubaliana kabisa, kwa mdomo, karibu na njia, akina mama wasibebe omena mbali. Miniti zilipotoka zimeandikwa pahali pengine, kwa ploti ya mtu. Yule aliandika alisema ndio alisikia hivyo. Tangu siku hiyo mimi kwa mkutano nakaa karibu na mwenye kalamu. Mama asiende nyumbani kabla miniti hazijasomwa kwa sauti na yeye kuweka sahihi, na apige picha ya karatasi na simu ya mtu. Hata kama ni kabambe.

Mie_wa_Kwale (Jumanne, saa kumi jioni)

Salaam aleikum nyote. Natoka nje ya mada kidogo, nisameheni. Kwa kuwa mama sasa yumo kwenye kamati ya tabianchi, kaa tayari, watakuja watu wa kaboni na suti zao, wale wa miradi ya kulipia misitu na ardhi inayofyonza hewa chafu. Sisi Gazi tunao mradi wa mikoko, Mikoko Pamoja, tangu 2013, hekta 117 tu, si msitu mkubwa. Fedha ikija, kijiji kinakaa barazani kinasema tunataka nini, na mara nyingi imekuwa maji ya mfereji na vitabu vya skuli. Ndio maana mtu akikata mkoko usiku jirani mwenyewe ndiye anayemkamata. Lakini si kila mahali mambo yamekwenda hivyo. Siku hizi sheria ile ya tabianchi ya 2016 ilirekebishwa 2023, na mradi wa kaboni wa ardhini lazima angalau asilimia 40 ya mapato iende kwa jamii kila mwaka, na mkataba uandikishwe. Akija mtu akiwaambia asilimia kumi na chai, mwambieni arudi alikotoka. Haya, endeleeni na kisima chenu.

Karani_wa_BQ (Jumanne, saa tano usiku)

Nimefanya kazi za kandarasi za serikali miaka kumi na moja, sitasema wapi. Kitu moja tu. Mradi wowote utakaochaguliwa, mama aitishe BQ, ile karatasi ya vipimo na bei. Kisima kimeandikwa mita 180, kimechimbwa mita 110, nani alishuka chini kupima? Bwawa limeandikwa mifuko 600 ya simiti, zimefika 350, ukuta unapasuka mvua ya pili alafu mnaambiwa ni tabianchi. Si wizi wa kila pahali lakini ni wizi rahisi.

Wakikataa kumpa, wewe uko Nairobi uko na wakati na laptopu, andika barua kwa kaunti chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, wako na siku 21 kukujibu. Wakinyamaza unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya heshima, ya ukurasa mmoja. Weka tarehe, wakugongee muhuri kwa nakala yako. Watu wanaogopa muhuri kuliko matusi ya mtandao.

Baba_Lao_Kayole (Jumatano, saa moja asubuhi)

Hii imekuwa chuo kikuu. Mimi nilikuwa nimesema tu kisima.

Lakini wacha niulize, hakuna mtu ameongea mambo ya mamake kutembea kilomita sita. Mnasema funguo, dedha, miniti, mama wa miaka 63 atabeba mtungi kutoka huko mtoni?

Mkaa_Wote (Jumatano, saa mbili asubuhi)

Hiyo ni swali nzuri. Bwawa likijaa unaweza kuvuta maji na pampu ndogo ya sola mpaka kioski karibu na watu, imefanywa. Lakini ni pesa ya awamu ingine. Mwaka wa kwanza atabeba ama punda atabeba, nisikudanganye.

Mwana_wa_Ndengu (Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa tatu usiku)

Niwape ripoti juu nyinyi mmenisaidia kuliko ndugu zangu wa grupu ya familia, hao waliniambia tu tuombe.

Nilimsomea mathe majibu yote kwa simu, kredo ilikatika mara mbili. Ya Baba Lao ya kutembea alisema "huyo mtoto amelelewa vizuri". Ya chumvi alikuwa anajua, akaniambia hata shule ya sekondari ilichimbiwa kisima zamani na hiyo maji inatumika kuosha choo pekee, na mimi nimesoma hiyo shule miaka minne sijawahi kujiuliza kwa nini tulikuwa tunabeba maji kutoka nyumbani. Ya Waso Boy akanyamaza kidogo, alafu akasema "niko na namba ya mzee mmoja wa hao watu wa ngamia". Mimi nikashangaa. Kumbe mke wa huyo mzee huwa anamuuzia mathe maziwa ya ngamia siku ya soko, miaka saba sasa, hata wakati wa mishale waliendelea, wanakutania kwa mama mmoja wa hoteli. Hakuna mtu wa kamati aliwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kusema juu hakuulizwa.

Alhamisi kura ikapigwa. Bwawa na silanga zilipata tisa, kisima sita. Mheshimiwa hakukuja, alituma mtu, na huyo mtu akasema kisima kitapatikana na pesa ingine, tutaona. Miniti zilisomwa kwa sauti, Nyar Mbita asante, na zilikuwa na kosa, walikuwa wameandika silanga tu bila bwawa, zikarekebishwa hapo hapo. Picha ya karatasi ninayo.

Lakini msishangilie. Injinia wa kaunti alisema lazima kwanza wachimbe waone mwamba uko wapi, na pale watu walikuwa wanataka anashuku mwamba uko chini sana, huenda bwawa lisogee kilomita mbili juu, na huko juu kuna mtu ashaanza kusema ardhi ni ya babu yake. Mambo ya funguo hawakumaliza, walibishana mpaka jua ikaenda. Vijana wamekataa kabisa abba herega wa aina yoyote kama si kijana wa kijiji, wazee wamekataa kijana. Huyo mzee wa ngamia atakuja siku ya soko baada ya mvua ya Novemba kuanza, kukaa na kamati, hajaahidi kitu.

Barua ya BQ nimepeleka, nakala yangu iko na muhuri, siku 21 zinahesabika kutoka juzi.

Na Chui, mathe amekutambua kwa vile unaandika. Anasema anajua wewe ni wa boma gani, na ule mkokoteni mliazima mwaka jana mrudishe.